Kabla Noah Yako Haijaingia Karakana
Noah ikianza kushtuka kila inapobadili gia, wapo wanaokuambia ununue giaboksi nzima kabla ya kupima hata mafuta yake. Usikubali upesi. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji wa Bidhaa ya mwaka 2012, nchini Kenya, inakupa haki ya kupewa makadirio ya gharama. Ankara isiyapite kwa zaidi ya asilimia 10. Karakana ya muuzaji magari, hata iwe na marumaru sakafuni, haina msamaha. Dai pia vipuri vilivyotolewa: bila hivyo, utajuaje kwamba vilibadilishwa? Vipuri vipya na kazi ya fundi vina dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Hitilafu ikirudi mapema, rudisha gari palepale, ukiwa na ankara mkononi.