Kano Iliyochanika: Funzo la Seli Shina kwa Mwenye Punda

Katika wilaya za Tarime na Serengeti farasi ni nadra. Mbung'o waenezao nagana na ugonjwa wa tauni ya farasi humdhuru upesi, ilhali punda huvumilia zaidi. Hivyo kazi ambazo kwingineko hufanywa na farasi hapa hufanywa na maksai na punda. Punda akilemaa, gunia la mahindi na ndoo ya maji hurudi kichwani mwa mama na watoto wake. Kwa sababu hiyo, elimu iliyopatikana kwa farasi wa mbio wa Ulaya inatuhusu.

Kano huunganisha msuli na mfupa. Ligamenti huunganisha mfupa na mfupa. Zote zimefumwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizolala sambamba mithili ya kamba ya katani. Seli na mishipa ya damu ndani yake ni michache, ndiyo maana jeraha hupona polepole. Tena pengo hujazwa na kovu, ambalo nyuzi zake zimekaa ovyo, hazinyumbuki vizuri na huchanika tena kwa urahisi.

Tiba ya seli shina hulenga kasoro hiyo. Daktari huchota uboho katika mfupa wa kidari wa farasi mwenyewe. Seli shina hutengwa na kuzidishwa maabara kwa majuma kadhaa, kisha hudungwa katika jeraha kwa kuongozwa na ultrasaundi. Mwaka 2012 wataalamu wa Royal Veterinary College, Uingereza, waliripoti habari za farasi wa mbio 113 waliotibiwa hivyo: takriban 27 katika kila 100 waliumia tena, kiwango kilicho chini ya kile kilichoripotiwa kwa tiba za awali. Hata hivyo, ulinganisho ulifanywa na kumbukumbu za nyuma. Kwa hiyo matokeo hayo ni dalili njema, hayajawa uthibitisho kamili.

La kuzingatia ni kwamba hata farasi hao walirejeshwa mazoezini hatua kwa hatua kwa karibu mwaka mzima. Seli hazikuondoa haja ya mapumziko.

Mfugaji wa Mugumu au Sirari hana maabara hiyo, lakini mapumziko yamo mikononi mwake. Punda huficha maumivu. Basi mpapase nyuma ya mguu, chini ya goti. Ukihisi joto au uvimbe, mwondolee mzigo siku hiyo hiyo, uumwagie mguu maji baridi kwa dakika 20 mara kadhaa kwa siku katika siku mbili tatu za mwanzo, na umwite afisa mifugo. Usimchome kwa chuma cha moto: utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1983 ulionyesha kuwa kuchoma hakuponyi kano. Akiacha kuchechemea, usidhani amepona, kwani kovu lingali changa. Mtembeze bila mzigo kwa miezi kadhaa, kisha umwongezee uzito kidogo kidogo.