Nati Imetoka, Flaiwili Imegoma

Bukene haina ziwa. Ni stesheni kati ya Tabora na Isaka, kwenye reli ya Mwanza iliyokamilika mwaka 1928, na maji mengi ya huko ni yale ya majaruba ya mpunga wakati wa masika. Lakini mchukue fundi pikipiki wa Bukene, mpandishe treni hadi Mwanza, mpeleke Mwaloni Kirumba na umwekee mbele yake injini ya boti ya zamani ambayo cheche zimepotea. Atafungua kifuniko cha juu, ataiona flaiwili na nati kubwa katikati yake, na hatahitaji mkalimani. Gurudumu lenye sumaku lililokaa kwenye ncha ya krankishafti analijua. Kila bodaboda inayoletwa kijiweni kwake inalo, limelala upande upande tu badala ya kutazama juu.

Tatizo nalo ni lile lile. Nati inatoka kwa spana na jasho kidogo. Flaiwili yenyewe haisogei hata unywele, na mtu asiyejua hapo ndipo anapoitafuta nyundo.

Kinachotafutwa kiko chini yake. Sumaku zimepachikwa ukingoni mwa flaiwili kwa ndani, na koili zimefungwa kwenye bamba lisilozunguka. Sumaku ikipita mbele ya koili, umeme unazaliwa kwenye waya. Ni kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Katika injini za zamani, kabla ya mifumo ya kielektroniki, palikuwa pia na pointi: vipande viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga kufuata mzunguko wa shafti. Pointi zikifunguka, umeme wa koili unakatika ghafla na plagi inatoa cheche. Injini ya mipigo miwili inachoma mafuta kila mzunguko, kwa hiyo ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, pointi zinafunguka zaidi ya mara 80 kila sekunde. Pengo lake likifunguka kabisa ni kama nusu milimita. Unyevu wa ziwani, ukungu wa kutu au alama ndogo ya moto juu ya vyuma hivyo vinatosha kumwacha mvuvi akipiga kasia. Kuvisafisha ni kazi ya dakika chache. Kuvifikia ndiyo shughuli.

Flaiwili haijafungwa kwa nati, ingawa inaonekana hivyo. Ncha ya krankishafti imechongoka kidogo, na tundu la flaiwili limechongoka kwa kiasi hicho hicho. Nati inavibana viwili hivyo pamoja, kisha msuguano ndio unaoshika. Chukua mchongoko wa kawaida wa moja kwa kumi, yaani kipenyo kinapungua milimita moja kila milimita kumi za urefu. Kila upande unainama chini ya digrii 3. Chuma kikavu kwenye chuma kikavu hakianzi kuteleza chenyewe mpaka mwinamo ufike angalau digrii 8 au 9. Ndiyo maana ukiiondoa nati kabisa, flaiwili inabaki imeng'ata.

Hesabu yake inashangaza. Tuseme nati ya milimita 16 imekazwa kwa nyutoni mita 100. Inaisukuma flaiwili kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani tatu. Mchongoko unaizidisha: nyuso mbili za chuma zinabanana kwa nguvu kama mara tano ya hiyo, tani 15 hivi. Kuitoa kunahitaji takribani nusu ya nguvu iliyoiingiza, tani moja na nusu, kama hakuna kutu. Miaka 30 ya mtetemo na mvuke wa maji ikipita, kutu huwepo.

Maarifa haya ya mchongoko yalifika Unyamwezi, nchi ya Bukene, kabla ya injini. Wafua chuma wa Kirongo, upande wa Uzinza, walitengeneza majembe yaliyouzwa mbali sana, na Wanyamwezi waliyabeba katika biashara na kuyatoa mahari. Jembe hilo halikuwa na msumari wala skrubu. Nyuma ya bapa kulikuwa na mkia wa chuma uliochongoka, ukapenyezwa kwenye tundu lililotobolewa katika kichwa kinene cha mpini. Kila pigo ardhini liliusukuma mkia ndani zaidi, hivyo jembe lilivyofanya kazi ndivyo lilivyozidi kukaza. Aliyetaka kubadilisha mpini hakuvuta bapa. Aligonga ncha ya mkia iliyotokeza upande wa pili, na pigo moja la ghafla lilivunja mshiko.

Flaiwili inataka akili hiyo hiyo, ila hapa pigo likikosa mahali linagharimu. Ukiipiga pembeni, unapinda ukingo au unavunja sumaku. Ukiingiza bisibisi mbili chini yake na kunyanyua, unalivunja bamba la koili. Ukigonga ncha ya shafti moja kwa moja kwa nyundo ya chuma, nyuzi zinasagika na nati hairudi tena; mbaya zaidi, nguvu inashuka hadi kwenye beringi na kwenye krankishafti, ambayo kwa injini ndogo nyingi imeundwa kwa vipande vilivyoshindiliwa pamoja. Nimeona shafti iliyopigwa hivyo ikauzwa chuma chakavu.

Chombo chake ni pula. Kwenye injini nyingi za boti za zamani kuna matundu matatu yenye nyuzi karibu na katikati ya flaiwili: bamba la pula linafungwa hapo kwa bolti tatu, na bolti ya nne, nene, inasukuma ncha ya shafti. Kwenye pikipiki, pula inajifunga ndani ya kitovu chenyewe. Pula ya makucha inayoshika ukingo haifai, kwa sababu flaiwili inavutwa pembeni huku katikati kumeng'ata. Fundi mzoefu hairudishi nati mfukoni: anaiacha imeshika nyuzi chache, ili iwe sawa na ncha ya shafti. Inakinga nyuzi, na inaidaka flaiwili isirukie usoni kwa mtu. Bolti ya kati ikishakaza vya kutosha, haongezi nguvu. Anagonga kichwa cha bolti mara moja kwa nyundo. Panasikika mlio mkavu, na flaiwili imeachia.

Ikigoma, joto linasaidia. Kitovu cha chuma chenye kipenyo cha milimita 20 kikipashwa nyuzi joto 100 zaidi ya shafti, tundu lake linapanuka kama mikroni 24. Kwa mchongoko wetu wa moja kwa kumi, hiyo ni nafasi ya kusogea robo milimita kwa urefu, na robo milimita inatosha. Maji ya moto hayafikishi tofauti hiyo yote, lakini yanafaa kuliko moto wa gesi: sumaku hazipendi moto mkali, na injini ya boti haikosi petroli karibu.

Ikitoka, kwenye mfereji wa shafti utaona kibanzi cha chuma chenye umbo la nusu mwezi. Wengi wanadhani ndicho kinachoizungusha flaiwili. Sicho. Mchongoko uliobanwa vizuri katika mfano wetu unahimili zaidi ya nyutoni mita 200, wakati injini ya nguvu farasi 15 inatoa kama 20 tu. Kibanzi kinapanga cheche itokee wakati gani. Nati isipokazwa vya kutosha, au mchongoko ukirudishwa na mafuta au uchafu, flaiwili inateleza na kibanzi kinakatwa. Kwenye shafti ya milimita 20, kusogea milimita moja tu kunahamisha wakati wa cheche karibu digrii 6. Injini inapiga kishindo, inarudisha kamba kwa nguvu, au haiwaki kabisa, na mwenyewe anaanza kulaumu kabureta.

Hapo ndipo vijiwe vingi, vya Bukene na vya Kirumba, vinapochonga kibanzi kipya kutoka kwenye msumari au kipande cha spoku. Msumari ni laini, unaweza kuvumilika hadi duka lipatikane. Kipande cha bolti ngumu ni hatari zaidi kuliko kukosa kibanzi kabisa. Kibanzi halisi ni cha chuma laini ili kikatike chenyewe. Kigumu hakikatiki, kinachimba ukuta wa mfereji, na mfereji huo umo kwenye krankishafti. Kibanzi kinanunuliwa kwa bei ya soda. Krankishafti inaagizwa, na mwenye mtumbwi anabaki nchi kavu mpaka ifike.