Dhahabu yaziba pengo la dola

Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba, na kufikia Julai 2023 riba hiyo ilikuwa imetoka karibu na sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Wenye mitaji duniani wakaikimbilia dola, wakati vita vya Ukraine vilikuwa vimeshapaisha bei ya mafuta. Dar es Salaam ilibanwa pande zote mbili: waagizaji wa mafuta na bidhaa walikuwa na shilingi za kutosha, ila dola hazikupatikana. Dola iliyouzwa takriban shilingi 2,300 mwanzoni mwa 2023 ilifika karibu 2,700 katika nusu ya pili ya 2024.

Tanzania ilikuwa na njia za kawaida, na ilizitumia. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilianza kuendesha sera ya fedha kwa riba elekezi, ikaanzia asilimia 5.5 na kuipandisha hadi 6 mwezi Aprili. Machi 2025 zikaja kanuni za kuzuia bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, baada ya miaka mingi ya kodi za pango na ada za baadhi ya shule kutozwa kwa dola.

Hatua iliyotikisa biashara zaidi ni ya dhahabu. Tangu Oktoba 2024, wachimbaji na wafanyabiashara wa madini wanaosafirisha dhahabu nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya BoT. Dhahabu hiyo husafishwa nchini, Mwanza ikiwa miongoni mwa vituo, kisha huingia kwenye akiba ya taifa.

Msingi wake ulijengwa mapema. Mwaka 2019 serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ikafungua masoko ya madini kuanzia Geita. Kabla ya hapo, dhahabu nyingi iliyotoka kwenye maduara (mashimo ya wachimbaji), ikasagwa kwenye makarasha (mashine za kusaga mawe) na kukamatwa kwa zebaki, ilivuka mpaka kimyakimya. Sasa mchimbaji huipeleka sokoni, inapimwa uzito na ubora, bei inapigwa kwa kufuata soko la dunia, mrabaha unakatwa papo hapo.

Faida kwa BoT ni kwamba inajenga akiba kwa kulipa shilingi, bila kuzitafuta dola kwanza. Gharama yake ni kwamba shilingi hizo huingia mitaani, na benki hiyo hulazimika kuzinyonya tena ili zisichochee mfumuko wa bei. Tena muuzaji akicheleweshewa malipo, njia za panya bado zipo.

Hadi sasa bei imekuwa upande wa Tanzania: Oktoba 2025 wakia moja ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza. Lakini mwaka 2013 dhahabu iliporomoka kwa zaidi ya robo ya thamani yake, na akiba yenye dhahabu nyingi hupanda na kushuka nayo. Kipimo kigumu zaidi cha mpango huu ni miezi ya mwanzo wa mwaka, wakati dola huingia kidogo: korosho zikiwa zimeshauzwa na msimu mkubwa wa watalii haujaanza. Hapo ndipo waagizaji wa mafuta huona kama dola zinapatikana benki kwa bei iliyotangazwa, au kwa bei ya pembeni.