Ukibana mkojo kwa matatu, kuna anayekula

Matatu imetoka steji ya Nakuru asubuhi. Kufika Gilgil mkojo umekubana, lakini utamwambiaje dereva asimame mbele ya abiria wote? Unavumilia. Naivasha foleni haisongi, na maji uliyobeba umeacha kunywa makusudi.

Kesho yake ukienda haja ndogo unachomeka kama umekojoa pilipili. Beshte yako anakwambia, "Umeokota UTI kwa choo cha hosteli."

Choo kinasingiziwa. Maambukizi mengi ya njia ya mkojo huletwa na E. coli, bakteria anayeishi utumboni mwako mwenyewe. Kutoka huko hadi kibofuni si mbali, hasa kwa wasichana: mrija wao wa mkojo una sentimita 4 hivi tu.

Utumboni, E. coli hupata sukari. Kwenye mkojo wa mtu mwenye afya, sukari ni kama hakuna. Basi hubadilisha menyu: anakula asidi amino na vipande vidogo vya protini ambavyo mwili umetupa. Madini ya chuma, ambayo mwili huyaficha, huyanasa kwa kemikali anazotengeneza mwenyewe.

Anachohitaji sasa ni muda. Kila ukikojoa, wengi wao wanafagiliwa nje. Ukibana, umewaandalia meza.

Kuna mwenzake, Proteus mirabilis. Huyu huvunja yurea na kutoa amonia. Asidi ya mkojo hupungua, madini yanaganda, na mtu anaweza kupata mawe kwenye figo.

Lakini ulaji huohuo huwafichua. Bakteria wengi wa UTI hugeuza naitreti iliyo kwenye mkojo kuwa naitraiti, na kijiti cha kupimia kikiikuta hugeuka waridi. Kazi hiyo huchukua saa 4 hivi, ndiyo maana mkojo wa asubuhi hufaa zaidi. Kijiti kisipogeuka, bado si hakika kwamba uko sawa, kwani si bakteria wote hufanya hivyo.

Shida ni mazoea yetu: unapitia chemisti, unanunua tembe bila kupimwa, unameza mbili tatu, zilizobaki unamwachia rumeti. Bakteria dhaifu wanakufa, sugu wanabaki kuzaana, na siku nyingine dawa ile inagonga mwamba.

Pimwa kwanza, kisha maliza dozi. Ukiwa na homa, kutapika au maumivu ya mgongo upande wa figo, au ukiwa mjamzito, nenda hospitalini siku hiyohiyo.

Na matatu ikisimama Naivasha, shuka ukojoe. Aibu ya dakika 5 ni nafuu kuliko wiki nzima ya pilipili.