Shoka lililogeuka buluu

Kule Kabondo-Dianda, kwenye reli ya kutoka Bukama kwenda Kamina, siku ya mchoma makala inaanzia kwenye shoka. Jamaa nyingi za miji yetu ya migodi zinapika kwa makala, lakini ni wachache wanaomuwaza mtu aliyeangusha ule mti. Shoka butu linamchosha mara mbili, na tena ni hatari. Makali mazuri yanaingia katika mti na kukaa pale. Makali butu yanateleza juu ya gome na kuishia kwenye mguu. Na kutoka porini mpaka hospitali, ninyi wenyewe mnaijua njia.

Siku hizi iko desturi moja inayoharibu vyuma vingi. Kijana anaona shoka halikati tena, analipeleka kwa fundi wa kuchomelea mwenye meuleuse ya umeme. Cheche zinaruka, dakika mbili kazi imekwisha, analipa. Makali yanang'aa, hata yananyoa nywele za mkono. Kesho yake, kwenye mubanga wa kwanza, yamejikunja kama bati. Kijana analalamika: "Hii shoka ni ya bure kabisa!" Hapana, ndugu. Lilikuwa shoka zuri, moto wa mashini ndio uliliua.

Ukitaka kufahamu, mwangalie mfua chuma anavyofanya na kipande cha resori ya kamyo. Anakichoma mpaka kiwe chekundu, anakigonga, kisha anakichovya ghafula ndani ya maji au mafuta. Hapo chuma kinakuwa kigumu sana, lakini kinavunjika kama chupa. Kwa hiyo anakirudisha kwenye joto pole pole, huku akiangalia rangi. Inakuja manjano ya majani makavu, karibu digrii 220. Inafuata kahawia, kisha zambarau, na karibu digrii 300 inatokea buluu. Anasimamisha rangi pale anapotaka. Ile meuleuse haingoji mtu. Ukingo wa shoka ni mwembamba, unapita buluu kwa kufumba jicho, na ugumu wote umekwenda. Kuchovya maji kisha rangi kutokea hakusaidii kitu.

Hii si elimu ya kizungu. Katika bonde la Upemba, pale Kamilamba, wachimbuaji wa mambo ya kale waliona kaburi la zaidi ya miaka 1,000. Mtu yule alizikwa na shoka lake la heshima, na fuawe karibu na kichwa chake. Wazee wetu walijua thamani ya mtu anayejua joto la chuma.

Basi unoe namna gani? Ukiwa na tupa, ile mafundi wanaita lime, kwanza itie mpini, maana mkia wake unaweza kutoboa kiganja. Funga shoka lisitikisike, vaa glavu. Sukuma tupa mbele tu, na wakati wa kurudi uinue. Ukiivuta nyuma unakula meno yake. Kisha chukua jiwe la kunolea lenye maji, zungusha pole pole, upande huu na upande huu, mpaka ule unywele wa chuma unaosikika kwa kidole uondoke. Usinoe ncha peke yake. Ukifanya vile kila siku, nyuma ya makali kunakuwa kunene kama bega, na shoka linapasua kuni lakini halikati. Anza nyuma kidogo, vidole viwili hivi. Kwa kupima, elekeza makali kwenye mwanga: ukiona mstari mweupe unang'aa, pale pangali butu.

Kama rangi ya buluu imekwisha kutokea, ondoa sehemu ile yote kwa jiwe, bila haraka, ama urudishe shoka kwa mfua chuma alianze tena kwenye moto.

Na mchanga! Punje za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha shoka. Kule Ulaya na Marekani wanatumia mashini za kukatakata mti mzima kuwa vipande vidogo. Visu vyake pia vinaogopa shina lililoburutwa chini zaidi ya kuogopa mti mgumu, na vikinolewa vizuri, maji yanamiminwa juu yake muda wote. Basi futa gome kabla ya kupiga, na usikate mizizi kwa shoka lako zuri.

Neno moja juu ya mpini. Katika shoka la kienyeji, mkia wa chuma unapita ndani ya mti, na kila pigo linaukaza. Shoka la dukani ni kinyume: mti unaingia katika tundu la chuma, na bila kabari linatoka. (Lile lililoanguka ndani ya Yordani, siku za Elisha, lilikuwa la kuazima!) Wengi wanalilaza ndani ya ndoo ya maji usiku mmoja ili mpini uvimbe. Asubuhi linakaza kweli, lakini mti ukikauka unasinyaa zaidi ya kwanza, na chuma kinaruka mchana, wakati watoto wamekuja kuokota kuni. Tia kabari ya mti mkavu.