Kabla ya kuruka matuta: Unda BMX itakayokuhimili ukitua

Umekuwa ukizitazama zile video. Kijana anapiga pedeli mara tatu, anapanda tuta la udongo, baiskeli inaelea hewani, usukani unazunguka, halafu anatua upande wa pili kama hakuna lililotokea. Sasa nawe unataka. Una akiba kidogo, na mtaani kuna duka lililoning'iniza baiskeli ndogo ya rangi za kung'aa, gia saba na springi katikati. Muuzaji anakuapia kuwa hiyo ni BMX halisi, uruke nayo popote.

Tulia kwanza. Hewani baiskeli zote ni sawa. Tofauti huonekana wakati wa kutua. Ukianguka kutoka kimo cha mita moja, uzito wako na kasi ya kushuka hupitia kwenye foki, kranki na ekseli ya nyuma kwa mpigo mmoja. Kimoja kikikatika, kinachofuata kupokea kishindo ni meno yako au mfupa wa bega. Ndiyo maana pesa zako chache zapaswa kwenda mahali panapofaa, si kwenye rangi.

Mchezo wenyewe ulianzishwa na vijana wasio na kitu. Mapema miaka ya 1970, kusini mwa California, Marekani, watoto walipenda mbio za pikipiki za vumbini lakini hawakuwa na pikipiki. Wakachukua baiskeli zao za magurudumu ya inchi 20, hasa Schwinn Sting-Ray, wakang'oa vikorombwezo na kushindana kwenye viwanja vya udongo. Leo mbio za BMX ziko kwenye Olimpiki tangu Beijing 2008, na mitindo huru, ile ya kupiga mikogo hewani, iliingia katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Yote yalianza na watu waliounda walichohitaji kutokana na walichokuwa nacho.

Inchi 20, 24 au 26?

Hapa ndipo uamuzi wa kwanza ulipo. Gurudumu la inchi 20 ndilo la BMX ya kawaida. Ni dogo, gumu kupinda, na baiskeli nzima hugeuka haraka chini yako. Ukitaka kujifunza kuzungusha usukani au baiskeli yenyewe, anza hapa. Pia ndilo ambalo vipuri vyake ni rahisi kupata, kwani baiskeli nyingi za watoto hutumia saizi hiyo.

Inchi 26 ni ya baiskeli za milimani zilizopunguzwa umbo ili ziruke. Nyingi huwa na foki ya springi yenye mwendo wa takriban milimita 100. Hupita kwenye mashimo bila kukutingisha sana, na mtu mrefu hujisikia nyumbani. Lakini foki nzuri ya springi ni ghali, na mbovu ni bora uikose kabisa. Inchi 24 iko katikati: tulivu kuliko ya 20, nyepesi kugeuza kuliko ya 26. Tatizo lake ni kwamba tairi na rimu zake imara ni adimu.

Jihadhari na mtego mmoja. Tairi mbili zinaweza kuandikwa 20 na zisiingiliane. Tazama namba ndogo ubavuni mwa tairi: BMX ya kuruka hutumia rimu ya milimita 406. Kuna nyingine ya 451, nyembamba, ya mbio za watu wepesi. Ya 24 unayotaka ni 507, na ya 26 ni 559. Ziandike kwenye simu kabla ya kwenda sokoni, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Fremu: soma kibandiko, kisha soma chuma

Fremu nyingi za bei ya chini ni za chuma cha kawaida. Ni nzito na hupinda upesi. Unachotafuta ni kromoli, chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, ambacho mara nyingi huandikwa 4130. Kwa sababu kina nguvu zaidi, mabomba yake hutengenezwa yakiwa membamba, na baiskeli huwa nyepesi bila kuwa dhaifu. Sumaku haitakusaidia kuvitofautisha, kwani hunata kwenye vyote viwili. Kibandiko nacho kisome kwa makini: wengine hutumia kromoli kwenye bomba moja tu na kulitangaza kama fremu nzima.

Usichanganye saizi ya gurudumu na saizi ya fremu. Fremu ya BMX hupimwa kwa urefu wa bomba la juu. Kwa makadirio, ukiwa na kimo cha futi tano na inchi nne hadi nane, inchi 20.5 itakufaa. Ukizidi hapo hadi futi sita, tafuta 20.75 au 21. Kwa matuta ya udongo, fremu ndefu kidogo, hasa upande wa nyuma, hutulia zaidi hewani kuliko ile fupi ya kuchezea barabarani.

Kama ni ya mitumba, igeuze juu chini kwenye mwanga wa jua. Pitisha kidole pale bomba la juu na la chini yanapokutana na shingo ya mbele. Rangi iliyojikunja kama ngozi ya maziwa, au mstari mwembamba wa kutu kando ya maungio, ni dalili kwamba fremu imeshaanza kupasuka au kupinda. Achana nayo hata ukiuziwa kwa bei ya chapati. Usikubali kuambiwa kuwa fundi ataichomelea. Fundi wetu wa jua kali ni hodari wa mageti na mikokoteni, lakini bomba jembamba likichomwa moto ovyo hudhoofika kando ya mshono, na foki iliyochomelewa haifai kurukiwa hata mara moja.

Magurudumu na kranki ndizo hula kishindo

Gurudumu la nyuma ndilo hutua kwanza mara nyingi, kwa hivyo usilionee huruma kwenye bajeti. Tafuta spoku 36, rimu yenye kuta mbili ndani, na ekseli nene ya milimita 14. Ekseli ya milimita 10 nyuma, ile ya baiskeli za kawaida, hupinda. Mbele, milimita 10 inatosha. Inua gurudumu, lizungushe, tazama rimu ikipita karibu na breki. Ikicheza kushoto na kulia kidogo, fundi mwenye ufunguo wa spoku atainyoosha. Ikiwa na kona kama sufuria iliyoanguka, iache.

Kranki nazo ni za aina mbili. Ya kwanza ni kipande kimoja cha chuma kilichopindwa kama herufi S, kinachopita ndani ya fremu kutoka pedeli hadi pedeli. Hii hupatikana kwenye baiskeli za watoto, na kijana wa kilo 65 akitua nayo mara kadhaa huanza kupinda. Ya pili ina vipande vitatu: mikono miwili na mhimili katikati. Hiyo ndiyo yako. Kabla ya kununua beringi zake, pima kipenyo cha tundu la fremu, kwani kuna la milimita 51.3, la 41.2 na la 37, na hayaingiliani. Njia rahisi ni kubeba fremu yenyewe hadi dukani.

Gia ni moja tu, na hesabu yake si ngumu. Gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma. Zamani watu walitumia 44 kwa 16, yaani 2.75. Sasa wengi hutumia 25 kwa 9, karibu 2.78. Mguu husikia uzito uleule, ila gia ndogo ni nyepesi na haigongi udongo. Lakini meno 9 yanahitaji habu ya kaseti, ambayo ni ghali. Kama chapaa ni kidogo, friwili ya meno 16 itakufikisha mwaka wa kwanza bila shida.

Ununue nzima au uunde kipande kwa kipande?

Wengi huota kuunda kila kitu upya. Ukweli wa Kenya ni huu: vipuri halisi vya BMX mara nyingi huagizwa nje, na juu ya bei utalipia usafiri na VAT ya asilimia 16. Kipande kwa kipande, utaishia kulipa zaidi ya bei ya baiskeli nzima. Njia yenye busara ni kutafuta BMX nzima ya mitumba yenye fremu na foki nzuri, hata kama tairi zimekwisha na kiti kimechanika. Kisha ubadilishe sehemu moja baada ya nyingine kadiri unavyopata.

Mpangilio uwe huu: kwanza foki na fremu, pili gurudumu la nyuma, tatu kranki, nne usukani na shingo yake. Tairi zifuate, upana wa inchi 2.1 hadi 2.4, ukizijaza upepo wa PSI 50 hadi 65 bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni. Rangi, vibandiko na pedeli za mbwembwe vije mwisho. Jirani yako anaweza kuwa na baiskeli inayong'aa kuliko yako. Mtajuana kwenye tuta.

Kuhusu breki, utaona vijana mtandaoni wasio na hata moja. Wamefika hapo baada ya miaka. Wewe baki na ya nyuma. Breki ndiyo itakayokusimamisha mtoto akikatiza mbele yako kabla ya tuta.

Ukianza kuunganisha, paka grisi kwenye beringi, ukianza na za shingo. Ingiza foki, kisha kranki, magurudumu, na cheni mwishoni. Vuta gurudumu la nyuma hadi cheni ilegee kama sentimita moja tu katikati. Hakikisha gurudumu liko sawasawa katikati ya fremu, halafu kaza nati. Bolti za shingo ya usukani zikaze kwa zamu, kidogo kidogo, si moja hadi mwisho. Baada ya siku ya kwanza ya kuendesha, rudia kukaza zote, kwa sababu vipande vipya hujikalia upya.

Udongo nao huchaguliwa

Baiskeli tayari, bado hujaruka. Ukiwa upande wa Kiambu, Kangemi au Dagoretti, una bahati: udongo mwekundu hushikana vizuri ukiloweshwa kiasi na kupigwa kwa nyuma ya sepetu. Upande wa Embakasi hadi Athi River kuna udongo mweusi ambao hupasuka jua likiwaka na kunata kama gundi mvua ikinyesha. Tuta la udongo huo halidumu. Leta mwekundu au utafute kwingine. Jenga mwishoni mwa mvua za Machi hadi Mei, wakati ardhi bado ina unyevu, na usiruke likiwa tope, kwani utalibomoa na kuteleza.

Omba ruhusa ya mwenye shamba kwanza. Usiingie na jembe msituni Karura au kwenye bustani ya umma, maana utajiletea askari, utufanye sote tufukuzwe.

Anza na tuta lenye mgongo bapa, bila pengo katikati. Ukiruka kifupi, unatua juu ya udongo, si ndani ya shimo. Tuta la kimo cha goti linatosha mwezi mzima. Sehemu ya kutulia iwe na mteremko, kwa sababu mteremko ndio hupunguza kishindo. Kutua kwenye ardhi tambarare huumiza vifundo na kuvunja ekseli. Pengo utalifikia ukiwa unatua palepale unapotaka, mara kumi kwa kumi.

Na helmeti, msee, haina mjadala. Nunua mpya ikiwezekana. Povu la ndani hufanya kazi kwa kubondeka, na likishabondeka halirudi. Helmeti ya mitumba inaweza kuwa imeshaanguka na mtu mwingine, na kwa nje usione chochote. Ongeza kinga za magoti na viatu vyenye soli bapa.

Jambo la mwisho, ambalo halikugharimu hata shilingi. Kila siku kabla ya tuta la kwanza, inua baiskeli kimo cha goti na uiachilie ianguke kwa magurudumu yote mawili. Sikiliza. Ukisikia tairi tu zikidunda, panda. Ukisikia kitu kikilialia, chukua spana, ukitafute kilipo, ukikaze, kisha uidondoshe tena.