Laptopu Kuukuu Iliyokataa Gemu

Watoto wa Mgololo! Ukungu umeshuka mpaka kwenye misonobari, kiwanda cha karatasi tunakisikia tu, hatukioni. Mpira hauchezeki leo. Sogeeni niwasimulie habari ya laptopu iliyokataa gemu.

Ilikuwa ndogo, nyeusi, herufi A imefutika kwa kubonyezwa. Ndani yake mlikuwa na chipu ya Intel Atom N270 ya mwaka 2008. Windows iliishinda siku nyingi, ikawekewa Linux, ile ya Debian 12. Basi mtoto mmoja akataka kucheza gemu za Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Akamaliza bando lote kupakua emuleta. Akabofya. Kimya. Akabofya tena. Kimya!

“Mjomba, emuleta ni nini?”

Ehee, hilo ndilo swali! Ni programu inayojifanya mashine nyingine. Gemu inadhani iko ndani ya Famicom, kumbe iko ndani ya laptopu.

“Sasa mbona ilikataa? Imezeeka?”

Laptopu ikang’aka yenyewe: “Nani kazeeka? Famicom ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 2 tu. Mimi nina gigabaiti 1, zaidi ya mara laki tano! Nguvu ninazo. Ila kuna aliyeniuliza mimi ni nani?”

Kweli, hakuna aliyeuliza. Mtoto akafungua dirisha la amri, akaandika uname -m. Laptopu ikajibu: i686. Yaani biti 32. Na ile emuleta ilitengenezwa kwa biti 64. Sufuria la harusi halikai kwenye mafiga ya chai, hata ulisukume vipi.

“Tufanyeje, mjomba?”

Futa lile faili. Kisha iombe Debian yenyewe: sudo apt install fceux. Apt inaijua mashine yake, italeta toleo la biti 32 bila wewe kuhangaika. Na msikimbilie Debian 13 ya mwaka 2025. Hiyo haina tena kisakinishi cha biti 32.

Mtoto akafanya hivyo. FCEUX, emuleta ya Famicom, ikafunguka. Shangwe! Lakini picha ikawa inakwamakwama.

“Umenibebesha njia ya kuchora picha iitwayo OpenGL,” laptopu ikalalamika, “na chipu yangu ya picha ni ya zamani. Nipe ile ya SDL.” Mtoto akaingia kwenye mipangilio ya video, akabadilisha. Picha ikatembea.

“Na gemu tunapata wapi?”

Umeuliza la maana, mwanangu. Gemu za kampuni zina wenyewe. Lakini wapo watu wanaotunga gemu mpya za mashine hiyo hadi leo, na wengine wanazigawa bure. Anzeni na hizo.

“Na PlayStation je?”

Aa, hapo pana kazi! PlayStation ya kwanza ni ya mwaka 1994, emuleta zake nyingi zinataka na faili la BIOS la mashine yenyewe, na Atom yetu itahema. Wewe nenda kaiulize kwanza laptopu ya kwenu uname -m, uje uniambie imejibu nini.